Nanosekunde 60 za Gran Sasso: siku nyutrino "zilipoupita" mwanga

Ijumaa tarehe 23 Septemba 2011, pale CERN, kituo cha utafiti wa chembe nje kidogo ya Geneva, ukumbi umejaa na Dario Autiero, mwanafizikia wa jaribio la OPERA, kasimama mbele anapitisha slaidi moja baada ya nyingine kuhusu nyaya, saa, GPS, vipimo vya umbali, yani mtu angeingia amechelewa angedhani ni semina ya wapima viwanja. Afu baada ya maelezo yote hayo ndo linakuja jibu lenyewe: nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, walizozirusha kutoka hapo CERN zimefika Gran Sasso, maabara iliyo chini ya mlima kule Italia, nanosekunde 60.7 kabla ya muda ambao mwanga wenyewe ungetumia. Kosa la kipimo walilikadiria kuwa kama nanosekunde 7 kwenye takwimu na 7 nyingine kwenye vifaa. Kwa lugha yao hiyo ni sigma sita, maana yake uwezekano wa kwamba ni bahati tu ya namba ni chini ya moja katika milioni mia.

Nanosekunde ni sekunde moja uikate vipande bilioni. Ndani ya kipande kimoja mwanga unatembea kama sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Kwa hiyo nanosekunde 60 ni kama mita 18. Mbio zenyewe ni za kilomita 730, na mshindi kaongoza kwa mita 18 tu, kwa asilimia ni kama 0.0025. Unaweza ukasema si kitu hiki. Ila kwenye fizikia huo mwendo wa mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde, sio kama ile spidi ya barabarani ambayo ukizidisha kidogo trafiki anakusamehe. Ukizidisha hata nukta, nyumba nzima inacheza.

Hiki kisa wengi wanakisimulia kama kichekesho cha waya uliolegea. Ni kweli waya ulilegea, tutafika huko, ila mimi naona utamu wake uko sehemu nyingine kabisa, kwamba ushahidi wa kosa ulikuwa umelala ndani ya mlima uleule tangu 2008, mita 160 tu kutoka kwenye mtambo wao, na hakuna aliyeufungua kuuangalia.

Tuanze na walichokuwa wanafanya, maana hata hawakuwa wanatafuta kuupita mwanga. OPERA ilijengwa kwa kazi nyingine. Nyutrino ziko za aina tatu, ya elektroni, ya muoni na ya tau, na zikiwa safarini zinabadilika kutoka aina moja kwenda nyingine. CERN wanatengeneza za muoni, wanazielekeza Italia, na kule chini ya mlima wanasubiri waone ipi imegeuka kuwa tau. Hakuna bomba wala shimo katikati. Nyutrino haihitaji njia, inapita kwenye mwamba kama vile hamna kitu, na kwa kuwa dunia ni duara na zenyewe zinaenda mstari mnyoofu, katikati ya safari zinakuwa zaidi ya kilomita 10 chini ya ardhi. (Waziri wa elimu wa Italia wa wakati ule, Mariastella Gelmini, alitoa taarifa ya kuwapongeza wanasayansi akataja na mchango wa Italia wa euro kama milioni 45 kwenye ujenzi wa handaki la kupitia chembe kati ya CERN na Gran Sasso. Hilo handaki halipo. Waitaliano walimcheka mpaka basi.)

Sasa kwa kuwa wanarusha na wanapokea, mtu akasema basi tupime na spidi. Hapo unahitaji vitu viwili tu, umbali na muda. Umbali waliupima kwa GPS mpaka wakafika kwenye uhakika wa sentimita 20 katika kilomita 730, na nikisoma hii sehemu huwa nawavulia kofia, maana kipimo chao kilikuwa kikali kiasi kwamba kiliona mtambo umesogea sentimita 7 kwa lile tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009. Muda nao wakaweka saa za atomu za sesiamu pande zote mbili, zikaoanishwa kwa satelaiti, wataalam wa vipimo wa Uswisi na wa Ujerumani wakaja kuhakiki na wote wakakubaliana ndani ya nanosekunde chache. Data walizokusanya ni za miaka mitatu, 2009 mpaka 2011, nyutrino kama 16,000. Kwa hiyo aliyekuwa anasema "hawa jamaa wamekurupuka" hakuwa amesoma andiko lao, na hata kwenye andiko walisema wazi kwamba hawatoi tafsiri yoyote ya kinadharia, wanachotaka ni wenzao wawasaidie kuona wapi pana kosa.

Kelele zilizofuata mnazijua. Einstein kapigwa chini, mashine ya kurudi jana iko njiani, na kile kichekesho kilichozunguka dunia nzima: mwenye baa anasema "samahani, hatuhudumii wanaoupita mwanga", nyutrino inaingia baa. Mwanafizikia Jim Al-Khalili wa Uingereza yeye aliahidi akithibitishiwa atakula boksa yake mbele ya televisheni.

Hebu tusimame hapa kwanza kwenye swali lenyewe, je chembe ya kuupita mwanga inaweza kuwepo? Watu wengi wanajibu "Einstein kakataza" na hilo halijakaa sawa. Kinachokatazwa na hesabu za 1905 ni kwa kitu chenye uzito wa kawaida kuvuka. Ukikisukuma kitu kikaribie spidi ya mwanga kila hatua inadai nishati zaidi, na ile hatua ya mwisho inadai nishati isiyo na kikomo, ambayo huna, hata ukichoma nyota zote. Ila hesabu zenyewe hazisemi neno juu ya chembe iliyozaliwa tayari iko upande wa pili. Mwaka 1962 Bilaniuk, Deshpande na Sudarshan waliandika juu ya hilo, na 1967 Gerald Feinberg akazipa jina, takioni. Tabia zake kwenye karatasi zinachekesha: uzito wake ukiuzidisha kwa wenyewe unapata namba hasi, na kadiri inavyopoteza nishati ndo inazidi kukimbia, yani kuisimamisha ndo kazi, kwake mwendo wa mwanga ni sakafu na kwetu ni dari, na hakuna anayelitoboa hilo bati kutoka upande wowote.

Na msichanganye na jambo la kawaida kabisa. Kwenye maji mwanga unapungua unakuwa kama kilomita 225,000 kwa sekunde, na hapo elektroni yenye nguvu inaupita vizuri tu, ule mwanga wa bluu unaouona kwenye mabwawa ya vinu vya nyuklia ndo matokeo yake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria inahusu mwanga ukiwa kwenye utupu.

Tatizo kubwa la takioni ni mfuatano wa mambo. Kwa hesabu za Einstein watu wawili wanaotembea kwa mwendo tofauti hawakubaliani lipi lilitokea kwanza kama matukio yako mbalimbali sana, na hiyo haina shida kwa sababu hakuna ujumbe unaoweza kutoka tukio moja kufika lingine. Sasa wewe mpe mtu simu inayoupita mwanga. Yupo atakayeona ujumbe umepokelewa kabla haujatumwa, na ukipanga vizuri, wewe unatuma na mwenzako akiwa kwenye chombo kinachokimbia anakujibu kwa simu hiyohiyo, jibu linakufikia kabla hujauliza. Unasoma jibu afu unaamua usiulize. Sasa jibu lilitoka wapi? Hapo ndo wanafizikia wengi wanapofunga daftari. Kwa hiyo mita 18 za Gran Sasso zingesimama, lililokuwa hatarini sio jina la Einstein tu, ni neno "kwa sababu" lenyewe.

Turudi kwenye kisa. Kabla hata waya haujaguswa palikuwa na hoja mbili ambazo kwangu mimi zilitosha kumfanya mtu asilale.

Ya kwanza ni ya 1987. Tarehe 23 Februari mwaka ule nyota ilionekana kulipuka kwenye galaksi ndogo jirani, ile Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa kama miaka ya mwanga 168,000. Ditekta za Japani, Marekani na Urusi zilinasa nyutrino kama ishirini na kitu, na zilifika kama masaa matatu kabla ya mwanga. Haya masaa matatu hayana uchawi, nyutrino zinachomoka kwenye kiini cha nyota papo hapo ila mwanga unasubiri mpaka mshtuko ufike juu ya uso wa nyota ndo utoke. Sasa chukua ile asilimia 0.0025 uizidishe kwa miaka 168,000, unapata miaka minne na ushee. Yani kama OPERA wako sahihi zile nyutrino zingefika kama mwishoni mwa 1982, hazingekuja na mwanga wake siku moja. Kulikuwa na mlango wa kutokea, kwamba nyutrino za supanova (nyota inayolipuka) zina nishati ndogo mara mamia kuliko za CERN na labda ni zile kubwa tu ndo zinakimbia, ila OPERA wenyewe waligawa data zao kwa nishati na hawakuona tofauti ya spidi. Mlango ukawa mwembamba sana.

Ya pili, na hii naipenda zaidi, ilitoka kwa Andrew Cohen na Sheldon Glashow ndani ya wiki moja tu baada ya semina. Wakasema hivi, unakumbuka ule mwanga wa bluu majini? Chembe ikiupita mwanga hata kwenye utupu lazima ilipe ushuru, nyutrino itakuwa inatema jozi za elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) njia nzima na kupoteza nishati. Wakapiga hesabu: mpaka ifike Gran Sasso isingebaki nyutrino yenye zaidi ya kama 12.5 GeV (GeV ni elektronivolti bilioni moja, kipimo cha nishati ya chembe). Lakini wastani wa zile nyutrino ulikuwa 17 GeV, na kulikuwa na mtambo mwingine mlemle mlimani, ICARUS, unaopokea mkondo uleule, na wao Oktoba wakaangalia nishati zao wakakuta hakuna kilichopotea. Ukiunganisha hizi mbili ni kama mtu anakwambia kakimbia kutoka mji hadi mji kwa spidi ya ajabu na hata jasho hana.

OPERA nao hawakukaa kimya. Kulikuwa na lawama kwamba protoni ambazo CERN wanazitumia kutengeneza nyutrino zinatupwa kwa mafungu marefu ya mikrosekunde 10.5 hivi kila fungu, yani nanosekunde 10,500, na huwezi kujua nyutrino hii imetoka kwenye protoni ya mwanzo wa fungu au ya mwisho, unalinganisha maumbo tu kitakwimu. Basi mwishoni mwa Oktoba mpaka Novemba CERN wakawapa mafungu mafupi ya nanosekunde 3 tu, yaliyoachana vizuri. Wakapata nyutrino 20, na jibu likarudi lilelile, nanosekunde 62.1. Hapo baadhi ya watu walioanza kucheka waliacha kucheka. Na mimi naona hapa ndo pa kujifunzia ukiwa mtu wa vipimo, maana jaribio la pili lilisafisha upande wa CERN peke yake, saa ya upande wa Italia ilikuwa ileile na waya uleule, kwa hiyo lilirudia kosa kwa uaminifu kabisa.

Sasa waya. Antena ya GPS haiwezi kukaa chini ya mwamba wa mita 1,400, inakaa juu, na muda unashushwa mpaka kwenye saa kuu ya OPERA kwa waya wa faiba wenye kilomita 8.3. Mwanga ndani ya ule waya unatumia kama nanosekunde 41,000, na hizo zinajulikana, zinatolewa kwenye hesabu. Mwisho wa waya kuna konekta, unachomeka, unakaza. Ile konekta haikukazwa mpaka mwisho. Ukidhani konekta ikilegea ishara inakatika basi ungeligundua siku hiyohiyo, lakini hapa haikukatika, mwanga ulipita ila kidogo, na kile kifaa cha kupokea mwanga kinasubiri kijae mpaka kiwango fulani ndo kiseme "sekunde imefika". Mwanga ukiwa mdogo kinachelewa kujaa. Ni bomba la maji limefunguliwa nusu, ndoo inajaa ila kwa kuchelewa. Kuchelewa kwenyewe kulikuwa kama nanosekunde 73.

Mtu atauliza, kuchelewa kunafanyaje nyutrino zionekane zimewahi? Saa yako ya ukutani iko nyuma dakika tano. Mgeni kafika saa nne kamili. Ukitupa jicho ukutani unaona saa nne kasoro tano, unasema loo mgeni huyu kawahi. Hajawahi. Ni saa yako. Kulikuwa na kosa lingine, kipigo cha ndani cha saa kuu kilikuwa kinaenda haraka kidogo, na hili lilivuta upande wa pili, kwa hiyo makosa mawili yalikuwa yanapunguzana, na kilichobaki baada ya kupunguzana ndo zile nanosekunde sitini ambazo dunia nzima ilikesha nazo.

Waligundua Desemba 2011 walipourudia kuupima ule waya, habari zikavuja Februari 2012. Lakini kuonyesha kwamba waya umelegea leo haitoshi, lazima ujue ulikuwa umelegea na siku zile za data, si inawezekana mtu kaugusa juzi? Na hapa ndo wanaingia majirani.

LVD ni mtambo mwingine mlemle Gran Sasso, kazi yake kusubiri supanova. Kutoka angani kuna muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, zinazonyesha muda wote, nyingi zinashuka wima, ila upande wa mji wa Teramo mlima una mwamba mdogo kidogo, na mara chache sana muoni inakuja imelala, inapita kwenye OPERA na LVD zote mbili, kama risasi moja inayotoboa kuta za nyumba mbili. Umbali kati yao haubadiliki na spidi ya muoni inajulikana, kwa hiyo tofauti ya muda kati ya saa za mitambo hii miwili inatakiwa iwe ileile miaka nenda rudi. Wakafukua kumbukumbu kuanzia 2007, wakapata muoni kama mia tatu. Tofauti ilikuwa tulivu mpaka katikati ya 2008, afu ikaruka kwa nanosekunde 73, na ikabaki hivyo mpaka mwisho wa 2011 waya ulipokazwa. Data za nyutrino zilianza 2009. Yani hamna hata siku moja ya kipimo ambayo saa ilikuwa sawa.

Mimi kila nikifika hapa nasikitika kidogo. Hizo muoni zilikuwa zimerekodiwa, ziko kwenye diski, hazikuhitaji senti moja ya vifaa vipya. Wamepima mpaka sentimita 7 za tetemeko, wamealika wataalam wa nchi mbili, ila kumgongea jirani hodi na kumuuliza "saa yako na yangu zinakubaliana?" kulifanyika baada ya dunia kujua. Siwalaumu kwa kutangaza. Ukiwa na namba umeihangaikia miezi na huoni kosa, kuificha ni vibaya zaidi. Ila kati ya vipimo vyote walivyorudia mara mbili tatu kabla ya Septemba, ule waya wa kilomita 8.3 hawakuurudia, na ndo uliobeba kila kitu.

Yaliyobaki yalienda haraka. Tarehe 16 Machi 2012 ICARUS walitangaza wamepima nyutrino saba za yale mafungu mafupi, zimefika sawa na mwanga. Mwisho wa mwezi uleule Antonio Ereditato aliyekuwa msemaji wa OPERA na Autiero wakajiuzulu nafasi zao, japo kura ya kutokuwa na imani nao haikupita. Mei CERN wakarusha tena, na tarehe 8 Juni kule Kyoto Sergio Bertolucci, mkurugenzi wa utafiti wa CERN, akasimama kusema mitambo yote minne ya Gran Sasso, Borexino, ICARUS, LVD na OPERA yenyewe, inakubaliana na spidi ya mwanga. Boksa ya Al-Khalili ikapona.

Je kisa hiki kimeua takioni? Hapana, kimeua takioni ya Gran Sasso. Zile za kwenye karatasi zimepata maana nyingine kabisa, siku hizi mwanafizikia akikuta namba hasi ya uzito kwenye nadharia yake hafikirii mkimbiaji, anafikiria kitu ambacho hakijatulia, kama mpira umeuweka juu kabisa ya kilima, utabingirika tu mpaka upate bonde. Hesabu za uga wa Higgs, ule unaozipa chembe uzito, zinaanza na hiyo namba hasi, na chembe yake CERN waliitangaza tarehe 4 Julai 2012, hata mwezi haujapita tangu Kyoto. Na hata kwenye hesabu za namna hiyo ujumbe wenyewe ukiufuatilia haukimbii kuliko mwanga.

Kuna mahali pamoja tu nyutrino iliendelea kushukiwa. Miaka ya 90 waliokuwa wanapima uzito wake kwa kutumia tritiumu, hidrojeni nzito yenye mionzi, walikuwa wanapata mara kwa mara namba hasi, na kuna watu walianza kunong'ona takioni. Pale Mainz, Ujerumani, sababu moja ikaja kuonekana: tritiumu yenyewe waliyoigandisha kama utando mwembamba ilikuwa haitulii, inajikunja na kuwa na mabonde. Siku hizi kwenye jaribio la KATRIN pale Karlsruhe hiyo hasi haionekani tena, wanasema tu uzito uko chini ya elektronivolti 0.45.

Na OPERA? Walikaza konekta wakarudi kwenye kazi iliyowaleta. Mwaka 2015 walifikisha nyutrino ya tano ya tau, ya kutosha kusema wamezithibitisha, na 2018 wakafunga hesabu na kumi.